Ukigusa Umecheza

Jumamosi, 1 Machi

Nimemla Njoroge mara tatu leo kwenye drafti. Mara tatu! Ya mwisho nilimlisha kete mbili, akazila kwa pupa kama mtu aliyetoka kufunga, nami nikapita katikati yake nikala nne, nikafika mwisho wa ubao na kuingia kingi. Kelele zilizopigwa zilimfanya mteja wa pancha ateremke garini kuuliza nani kagongwa. Aligongwa Njoroge.

Ubao ni wa Mutua, fundi wa pancha, uko nyuma ya karakana yake chini ya mabati. Kete ni vifuniko vya soda, vyangu vimefunikwa, vya mwenzangu vimefunuliwa. Mwanamke ni mimi peke yangu. Siku ya kwanza walidhani nimekuja kuuza chai. Njoroge, ambaye ana duka la misumari na saruji ng'ambo ya barabara, alinikaribisha hivi: "Mama, kaa hapa nikukule haraka urudi nyumbani upike." Hakujua nililelewa na baba mlinzi aliyenifundisha drafti getini kwa mwajiri wake, mjini Webuye. Jioni ile sikuwahi kupika, nyumbani tulikula mkate.

Habari kubwa: shindano la drafti Kajiado mjini, tarehe 29. Mshindi anapewa beberu. Nimejiandikisha, na Njoroge pia. Nimeimba njia nzima hadi mlangoni.

Kwa Mutua hakuna anayejua. Wanajua nina kilemba na ulimi mkali, basi. Shuleni ninakofundisha wanajua. Kanisani wanajua. Majirani wanajua na wananitazama kwa macho ya matanga. Pale kwa Mutua natukanwa kama kila mtu. Sitaki hilo libadilike.

Jumanne, 4 Machi

Hospitali, Nairobi. Dripu mkononi. Mama wa kiti cha pili aliniuliza namwomba Mungu nini. Nikamwambia beberu.

Alhamisi, 6 Machi

Kitandani. Chai ina ladha ya misumari. Kuhusu kansa sina la kuandika, faili yangu hospitalini imeandikwa vya kutosha. Naandika kuhusu Njoroge. Anashambulia kwa kulia kila mara, na akichangamka anasahau nyumbani kwake, mstari wa nyuma. Nitamngojea huko.

Jumapili, 9 Machi

Balaa.

Nafula, binti yangu, alikubali kunifanyisha mazoezi baada ya kanisa. Anacheza vibaya lakini ana subira. Nikanyoosha mkono kusogeza kete ya katikati, nikasikia mlio wa kifuniko kando. Nimegusa kete ya jirani. Sikuhisi kitu. Nikarudia, nikagusa nyingine. Dawa imeniua ncha za vidole. Ni kama nimevaa glavu za jikoni.

Na sheria ya drafti haina mjomba. Ukigusa umecheza. Kete uliyoigusa ndiyo utakayosogeza, hata kama inakupeleka machinjoni. Mimi mwenyewe nimeshawachinja wengi kwa sheria hiyo. Njoroge aliwahi kunisihi, karibu apige magoti. Nikamwambia, acheze.

Nafula anasema niache. Eti ni vifuniko tu. Nimemjibu vibaya, kisha nimemwomba msamaha, kisha tumepanga ubao upya.

Jumatano, 12 Machi

Nimepata dawa ya vidole! Nakalia mikono. Nafikiri kwanza, mikono ikiwa chini ya mapaja, nikishaamua ndipo natoa mkono mmoja, nashuka na kidole kutoka juu kabisa kama kuku anayedonoa. Sipapasi. Leo katika michezo yote nimekosea mara moja tu. Nafula amecheka mpaka akalala chini. Nafurahi kupita kiasi, najijua.

Jumapili, 16 Machi

Wamejua.

Jumamosi mbili sikutokea kwa Mutua. Ya kwanza mwili ulikataa, ya pili niliogopa kuaibika kwa vidole. Leo mchana mlango ukabishwa, Nafula akafungua, na kumbe ni Njoroge na Mutua na mfuko wa machungwa. Nilikuwa sebuleni bila kilemba. Kichwa kama yai.

Nafula akawaeleza yote, kansa ya titi, upasuaji wa mwaka jana, dripu. Njoroge hakutoa mzaha hata mmoja. Akaniita "mama yetu." Akaomba tusali. Njoroge! Mtu ambaye hajawahi kuniita jina bila kuongeza tusi.

Nimekasirika hata machungwa sijala.

Jumamosi, 22 Machi

Nilirudi kwa Mutua nikiwa nimejaa moto. Wiki moja imebaki. Nikakuta kiti chenye mto. Kikombe changu kimeoshwa, na hakuna aliyevuta sigara. Wanaume wale wanaotukanana mpaka ukoo walikuwa wanaongea kama wako madhabahuni.

Nikamshinda Njoroge. Nikamshinda tena. Mchezo wa tatu akaniachia kete tatu wazi, zimepangwa kama sahani za wageni. Hata mtoto angeona. Nikamtazama usoni, akaangalia barabara.

Sikuzila. Drafti kula ni lazima, kwa hiyo nikapindua ubao. Vifuniko vikamwagika mpaka kwenye matairi. Nikaondoka.

Nililia njiani. Kansa imenichukulia titi na nywele, na leo imenichukulia adui. Sasa nani atanicheza kweli? Nikienda Kajiado nikapewa beberu la huruma nitalifanyia nini?

Jumatatu, 24 Machi

Leo nimemfuata Njoroge dukani kwake. Wateja walikuwepo, sikujali.

Nilimwambia amenitukana. Akashangaa. "Mama Nafula, mimi siwezi kukula mgonjwa. Watu watasema nini?"

"Niko mgonjwa hospitali. Niko mgonjwa kwangu. Kwa ubao niko adui yako. Ukinihurumia tena, usiniite mchezaji, niite maiti."

Mteja mmoja aliyekuja kununua rangi akasema pole. Sikujua anamwambia nani. Njoroge alianza kupanga makopo yaliyokuwa yamepangika tayari. Nikatoka. Nilijisikia na afya kuliko mwezi mzima.

Jumanne, 25 Machi

Hospitali tena. Leo ilikuwa zamu ya dripu, na siku za baada ya dripu huwa sinyanyuki. Yaani Kajiado nisingefika. Sikuwa nimemwambia mtu, ila usiku nilikuwa nahesabu na kukosa usingizi.

Daktari akarudi na majibu ya damu, uso umemshuka. Damu iko chini. Dawa haitatolewa leo, itasogezwa wiki moja. Nafula machozi yakamlenga. Mimi nikauma midomo nisicheke. Wiki moja! Sijawahi kupewa habari mbaya tamu namna hii.

Nikamuuliza daktari wazi kama naweza kwenda Kajiado Jumamosi. Akauliza kuna nini. Nikasema drafti. Akaweka kalamu chini. Akasema kinga yangu ni ndogo, kwa hiyo niketi nje penye hewa, nivae barakoa, nisipeane mikono na mtu, nikipata homa nirudi mbio. Kisha akaniuliza kama huko kwetu mtu huruhusiwa kula kurudi nyuma akiwa bado si kingi. Kumbe naye hucheza!

Baba Nafula kapiga simu kutoka Bungoma anakolima. "Sasa wewe na hiyo hali yako unaenda Kajiado kufukuza mbuzi?" Nikamwambia ndiyo, na atengeneze banda.

Ijumaa, 28 Machi

Nimepiga pasi gauni la kijani. Nimekata kucha. Nafula ananifuata kila kona na thamomita kama polisi. Hakuna homa. Kesho!

Jumamosi, 29 Machi

Mkono umechoka lakini lazima niandike leo leo.

Tulienda kwa pikapu ya Njoroge, aliyekuja kutuchukua bila kuitwa. Mimi na Nafula mbele, Mutua nyuma amefunikwa turubai. Mimi na Njoroge hatukuongea mpaka mji wa Isinya. Hapo akaniuliza kama nasikia baridi. Nikasema hapana. Basi.

Kajiado kulikuwa na vumbi na watu. Mbao zimepangwa nje, chini ya miti ya migunga, na beberu lenyewe limefungwa pale, jeusi, lina ndevu na dharau. Bingwa wao ni Parsaloi, mfanyabiashara wa ng'ombe, mrefu na mpole. Akanisalimia kwa Kimaasai, "Takwenya, yeyo," yaani habari mama, nikajibu "Iko," nikaficha mikono. Nikamtazama akicheza. Haangalii kete zake, anaangalia zako. Nikasisimka hata mgongo.

Mchezo wa kwanza nilimla mwanamume kutoka Kimana aliyecheka aliponiona nimekalia mikono. Hakucheka muda mrefu. Wa pili alikuwa mwalimu mwenzangu, mgumu kweli, jasho lilitoka hadi ndani ya kilemba, lakini nikamfungia kingi yake pembeni. Watu walianza kusogea. Wamama wa sokoni waliacha nyanya zao. Mmoja akapiga kigelegele ingawa hajui drafti hata kidogo.

Kisha nusu fainali. Refa, mzee mwenye filimbi shingoni, akasoma majina. Mimi na Njoroge.

Njoroge alicheza vizuri kuliko siku zote. Sikujua kama ni mtego au ni ukweli. Nilimngojea kule nyuma kwake kama nilivyopanga, na akaja, akasahau nyumba. Nilikuwa na kete moja zaidi. Nikaona njia ya kingi imefunguka. Nikashikwa na furaha, nikatoa mkono mapema kabla kichwa hakijamaliza.

Kifuniko cha pembeni kikalia.

Watu wote walisikia. Mutua akapaza sauti, "Mwachie, refa! Vidole vyake viko na ganzi, ni dawa ya kansa!" Nilitamani ardhi ipasuke. Refa akanitazama kilemba, akatazama barakoa, akasema ni haki ya mpinzani kuamua.

Njoroge akanitazama. Nikaomba kimoyomoyo, na sikuomba anisamehe.

"Ameguza," akasema. "Acheze hiyo hiyo."

Lo, kelele! Wamama wa nyanya wakamwita mnyama. Mmoja akamuuliza kama alizaliwa na jiwe. Nafula alikuwa analia waziwazi. Na mimi moyo uliruka nikataka kusimama nimkumbatie yule mbwa. Nikasogeza kete niliyoigusa. Akala mbili bila kupepesa macho, akaingia kingi, akagonga ubao kwa nguvu kama anavyogonga siku zote. Nikapigana na nilichobakiwa nacho mpaka kikaisha.

Nimeshindwa. Nimeshindwa na nimefurahi hata sijui niandikeje.

Fainali Parsaloi alimchinja Njoroge haraka haraka. Beberu limebaki Kajiado. Njia nzima ya kurudi Njoroge alinitukana, uchezaji wangu, macho yangu, hata mkao wangu. Nikamrudishia yote kwa riba. Nafula alitushangaa. Mutua alikuwa nyuma kwenye turubai anapiga dirisha akitaka kusikia.

Jumatano, 2 Aprili

Damu imekubali. Dripu inashuka polepole. Wodi kimya, mvua nje.

Nimefumba macho na kuucheza tena ule mchezo. Nilifika pale alipoingia kingi, nikasimama. Nikaiona. Baada ya kugusa kwangu, baada ya kula kwake, bado nilikuwa na kete ya nyuma. Ningemlisha hiyo. Kula ni lazima, kingi yake ingevutwa mpaka ukingoni, na mimi ningekula kingi na mbili zilizofuata. Ningeshinda. Kwa hiyo si vidole vilivyonipoteza. Ni mimi, kichwa changu kizima, nilikosa kuona kama mchezaji yeyote anavyokosa.

Nikamwandikia Njoroge ujumbe kwa kidole kimoja, makosa mengi. Kwamba ningemlisha ile ya nyuma.

Akajibu papo hapo. "Niliiona Mama Nafula. Nilikuwa naomba Mungu usiione. Jasho ilinitoka mpaka kwa viatu."

Nimeusoma tena na tena. Aliniogopa. Nimemwomba muuguzi blanketi, nimejifunika, na sasa nataka kulala.