Reli Iliyokwepa Migomba

Munywani wangu Kalokola,

Tulikupoteza mwanzoni mwa mavuno ya buni, Jumatano asubuhi, nami nilikuwa Kemondo napakia ndizi. Nilipofika Izigo walikuwa wamekwisha kukuvika kanzu, na aliyekaa upande wa kichwa chako, mahali pangu, alikuwa Sadiki. Tangu hapo sijatulia, na si kwa msiba peke yake.

Klabu yetu ya treni ya kuchezea ipo. Bado tunakutana Jumamosi mchana katika ukumbi wa parokia, na watu bado wanatucheka, eti wazee wenye ndevu tumewanyang'anya watoto matofali yao ya plastiki. Mke wangu ndiye kinara: "Baba Koku, treni yenu imefika Mwanza au bado?" Nacheka nao. Lakini matanga yalipoisha wakamkalisha Sadiki kwenye kigoda chako, kama mrithi, wakampa na swichi ya mota ya treni. Sadiki! Tangu ajiunge hata misimu miwili ya mvua haijapita. Sanduku lile la matofali na reli nililibeba mimi, kwa baiskeli, siku padre alipotuachia akirudi kwao Ulaya, kabla sijaota hata ndoto ya lori. Reli nilizihesabu mimi: vipande kumi na sita vya kona vinafunga duara, nane vinakurudisha ulikotoka. Wewe ulisema tu, "Hesabu wewe, mimi nipande migomba."

Na uliipanda, kwa matofali ya kijani, mpaka nyumba zote za meza yetu zikazama kibanjani, katikati ya shamba la migomba, kama za kwetu. Kisha ukaikataza reli isikate kibanja cha mtu. Katika sisi sote ni wewe tu uliyewahi kuona treni, mara moja, Mwanza; nasi tukakufuata, tukajenga reli yenye kona kuliko njia ya mbuzi. Kila ikizunguka nyumba uliyoiita ya Ma Keziya, behewa la mwisho chali. Nilikusihi tuinyooshe. Ukasema, "Kibanjani kuna makaburi ya watu. Treni na izunguke."

Nikakubali. Siku tulipotafuna buni yenye damu yetu, ukawa munywani wangu, ndugu wa kuchanjiana, tuliapa kutonyimana kitu, ila hilo ulininyima, na nikakubali.

Sasa sikia. Jumamosi iliyopita nimekuta Sadiki ameng'oa migomba yote. Reli imenyooka kama fimbo, toka Bukoba yetu ya mezani mpaka Muleba. Nyumba kazipanga mstari, kama kijiji kipya cha Ngenge. Behewa halikuanguka hata moja, na wenzetu wakapiga makofi. Nikauliza, nani kakuruhusu? Akanijibu mbele ya wote, "Kalokola mwenyewe, hospitalini. Na wewe ndugu, acha choyo, hii ni mali ya klabu."

Kama amedanganya, hilo nitalimaliza naye. Lakini kama ni kweli? Mimi nakuomba miaka, unakataa; yeye anakuletea machungwa, unampa? Najua, nilikuwa barabarani. Ndizi hazingoji mtu. Lakini ulijua nitakuja. Kalokola, ulijua.

Jana nilipita kwako. Umelala kati ya migomba ya baba yako, na watoto wanaokwenda kisimani wamekwisha kuchonga njia mpya, inakuzunguka. Hakuna aliyewaambia.

Haya, pumzika. Kaburi lako nitalipalilia mimi, si Sadiki, kila msimu nikiwa hai. Na migomba yako ya kijani nimeiokota sakafuni yote, iko kwenye koti langu. Jumapili baada ya misa watu wanakuja kuitazama treni. Basi nijie ndotoni kabla ya kengele ya kwanza. Ukinyamaza, nitazirudisha kona zote kwa mikono yangu, na behewa lianguke mbele ya wageni. Sitaki methali, sitaki kicheko chako kile. Kabla ya kengele, neno moja: ulimruhusu, au hukumruhusu?