Wimbo Uliopandisha Tanga

Kisumu, Alhamisi

Baba mpendwa,

Natumai huko Malinya mko salama, na fahali wako hajavunja zizi tena. Mimi nina siku ya nne ndani ya mashua kwenye tamasha la ziwani, na viganja vimechubuka kwa kamba.

Jumatatu tulivuta tanga kila mtu kwa wakati wake, likakwama. Nikaanza wimbo wako wa kusindikiza fahali. Wenzangu wakaitikia, tukavuta pamoja, likapanda hadi juu. Sasa nahodha Owuor hang'oi nanga kabla sijaimba.

Ndio ule niliokataa kuimba tulipomzika Babu, fahali walipoletwa kumuaga kwa desturi yetu, kwa kuwaonea haya wanafunzi wenzangu.

Jumapili narudi. Niwekee ngoma ya isukuti. Nitapitia kaburini kwa Babu kwanza, nimwimbie.

Mwanao,
Shimenga