Mfereji wa Malkia Juu ya Meza ya Pilau

Kwa Ridhwan Twalibu,
Carrollton, Texas.
Jumanne, 14 Oktoba 2025.

Mpendwa mdogo wangu Kudra,

Assalaam alaykum. Vipi hali yako, vipi magoti, na lile jino moja lililobaki bado linashika zamu? Mimi kaka yako ni mzima. Presha iko pale pale, sukari imeshuka kwa sababu mkwe wangu Hasina ameficha kopo lake na kijiko. Jua la huku linachoma hata Oktoba kama limetumwa.

Naandika kwa mkono kwa kuwa simu yako huiweka sauti ya juu, Chumbageni nzima ikasikia, na haya si ya Chumbageni nzima. Barua atakupa Vicent, rafiki wa Ridhwan, nesi wa Houston, anakuja Tanga likizo. Mpe chai. Maandazi yako usimpe, ana wazazi wanaomsubiri.

Kudra, mwanangu Ridhwan ana miaka arobaini na moja, mhandisi wa kompyuta, na anacheza na vijisanamu. Askari wa kimo cha kidole gumba! Yeye na wenzake wanawapanga mezani, kila mtu na jeshi lake, wanarusha dadu, wanapima hatua kwa utepe kama wa fundi cherehani, na wanabishana kama mawakili. Hilo nililivumilia.

Mwaka huu wamechoka kupigania milima na madaraja. Ridhwan kasoma habari za London enzi za Malkia Victoria, jinsi walivyouchimba mji kwa chini: mahandaki ya treni, mabomba ya gesi, na mifereji ya matofali ya kubeba uchafu wa mji mzima. Kaona huko ndiko kwa kupigania vita. Na katika yote hayo, mdogo wangu, kachagua choo.

Miezi mitatu kajenga mfereji wa maji machafu juu ya meza tunayolia chakula. Matofali kayakata moja moja. Ukutani kabandika majani ya chai yaliyokwisha kupikwa, eti ndiyo utando. Chini kamwaga gundi ya kijani, ikikauka inang'aa kama kamasi la mtoto mwenye mafua. Hata vijipanya kaviweka, kavipaka rangi mpaka macho mekundu. Mimi nakula wali wa nazi, mbele yangu mavi ya Waingereza ya miaka mia moja na sitini! Mjukuu wako Nahla nikamwambia, "Mwanangu, hili linatapisha." Akanijibu, "Babu, it's so cool." Kikombe cha chai nikakisukuma mbali.

Nilidhani Ridhwan ananichokoza. Anajua nilikoteremka miaka ishirini na sita, kwenye mifereji ya manispaa, kinyesi kiunoni. Alikulia kwenye harufu ile. Lakini mimi, yeye na wewe tulikubaliana kunyamaza tangu ulipopeleka posa Unguja kwa baba yake Hasina, Mzee Mselem, muuza udi na marashi. Ukakaa kwenye zulia lake ukamwambia kaka yako ni Bwana Afya, ana ofisi yenye feni. Bwana Afya nilikutuma mimi. Feni ulitia mwenyewe.

Sasa sikia. Mselem siku hizi anaishi Katy, upande wa Houston, nyumba ya sebule pana. Ridhwan kaamua mchezo ukachezwe huko Jumamosi. Tukakaa barabarani saa nne na nusu, mfereji uko nyuma ya gari umefunikwa kanga, na sufuria la pilau limekaa juu yake. Nikaapa pilau hilo sili. Nilikula sahani mbili, lakini kwa uchungu.

Mchezo ukaanza. Ridhwan analinda mfereji, Vicent anashambulia. Vicent akainua kifuniko kidogo, akateremsha askari kumi kwa mkupuo, juu hakubaki mtu. Nikajiambia, Twalibu, tafuna kachumbari yako. Sikuweza.

"Wote hao wamekufa," nikasema.

"Mzee, hata dadu sijarusha!"

"Dadu ya nini? Umefungua kifuniko kimoja. Fungua cha mbele na cha nyuma, ngoja hewa mbaya itoke. Na kamba kashika nani?"

"Kanuni hazina mtu wa kamba, mzee."

"Basi aliyeziandika hajawahi kunuka."

Nikachukua kokwa ya tende, nikaisimamisha kando ya kifuniko. Nikawaambia, huyu ndiye mtu wa mdomo wa shimo, mshika kamba. Haendi haja, havuti sigara, hapigi soga na wapita njia. Wewe uliye chini ukivuta kamba mara moja, unamwuliza: upo? Naye huvuta mara moja: nipo. Ukivuta mara mbili: nitoe.

Ulimi ukishateleza, Kudra, unajua mwenyewe. Nikawaeleza kwa nini mfereji una umbo la yai, ncha chini: maji yakiwa machache yapite kwa kasi, tope lisilale. Nikawasimulia siku gesi iliponiangusha mle chini, na Kamugisha, yule Mhaya wangu, akanivuta juu kama ndoo ya kisima mpaka viganja vikamchunika. Vicent anaandika kila neno. Ridhwan anakunja na kukunjua utepe wake, hanitazami.

Mselem alikuwa kwenye kochi na tasbihi. Akauliza polepole, "Bwana Afya, ofisini kwenu mlikuwa mkitumia kamba?"

Nikasema, "Mzee mwenzangu, ofisi yangu ilikuwa na kifuniko."

Akainuka. Akaenda kunawa mikono kwa sabuni, akasuuza, akanawa tena. Miaka kumi na miwili tangu tupeane mkono harusini, ndiyo kwanza ananawa! Hasina akacheka mpaka upawa ukamtoka ukatumbukia mferejini.

Mselem akarudi anajifuta. "Kazi yako nimeshainawa," akasema. "Ila huyo aliyekutoa shimoni, mbona harusini sikumwona?"

Unakumbuka, Kudra, tulivyofanya. Kamugisha tulimwambia tiketi za boti ya Unguja zimekwisha. Tuliogopa asije akasimulia. Naye akatuma kikapu cha kahawa ya kutafuna kwa bwana harusi, tukasema kimetoka kwa jirani Jedidah, mama wa watu akashukuriwa kwa kitu asichokitoa. Nikamwambia Mselem yote. Akanitazama kama mtu aliyefunua kifuniko uso ukiwa karibu.

"Hilo halina sabuni," akasema.

Nimezoa uchafu wa mji mzima na jioni nikala ugali wangu vizuri. Tangu Jumamosi chakula hakishuki, na si kwa sababu ya gundi ya Ridhwan.

Askari wa Vicent, ukitaka kujua, walitoka wazima. Wameiingiza kokwa kwenye kanuni, jina lake Kamugisha. Kabla hawajashuka sasa wanaulizana, "Kamugisha yupo?"

Mselem anamwoza binti yake mdogo Unguja mwezi wa Disemba. Kanialika kwa sharti: nije na Kamugisha tuketi mkeka mmoja, au nisije. Kwa hiyo vaa viatu. Nasikia bado anakaa kule nyuma ya soko la Mgandini. Nenda mwenyewe, usitume mtu. Mwambie tiketi hazikuwa zimekwisha. Mwambie kwa nini. Akikufukuza, ondoka, kesho rudi. Na usitie feni popote.

Nisalimie Jedidah, ile shukrani airudishe kwa mwenyewe. Nisalimie na mbuzi wako, naye ana akili kukuzidi, hajawahi kupeleka posa. Mungu akulinde, akuachie na hilo jino.

Kamugisha usimpe salamu nyingi. Mwambie Twalibu yuko chini, amevuta kamba mara moja. Anasubiri.

Ni mimi kaka yako akupendaye, bila ofisi,

Twalibu