Mkono Wenye Laddu Uliokatwa kwenye Video ya Harusi

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo: Polisi Kot Bhaga
Kuhusu: Malalamiko ya Bw. Lehmber Singh juu ya kipande cha video kinachosambazwa kwenye simu
Tarehe na saa: 11 Januari 2012, saa nne na robo asubuhi
Jina: Bachint Kaur, mjane wa Puran Singh
Umri: Miaka sabini na miwili hivi
Kazi: Mfugaji
Makazi: Kijiji cha Kot Bhaga, mtaa wa kisimani
Elimu: Hakusoma

Mimi ndiye Bachint Kaur. Umri huo ameukadiria afisa, mimi najua tu kwamba nilizaliwa mwaka ambao mafuriko yaliondoka na ng'ombe wetu. Kazi yangu ni nyati wawili wa maziwa na mjukuu mmoja, Navreet, niliyemlea tangu mama yake afariki. Sijui kusoma. Saa naijua, namba nazijua, na harusi ya Navreet naikumbuka kuliko kompyuta ya mtu yeyote.

Harusi ilikuwa Jumapili, tarehe 20 Novemba mwaka jana, uani kwangu. Mnamo saa saba mchana watu wa upande wa bwana harusi waliketi kula, na sisi wanawake wa upande wa bi harusi tukasimama kuwaimbia matusi. Afisa, wewe ni mtoto wa hapa hapa, unajua kwamba mgeni wa harusi asiyetukanwa anarudi kwao amenuna. Mama yako mwenyewe nilimtukania shemeji zake mpaka mmoja akapaliwa na dengu. Andika.

Nilimchagua Lehmber Singh, mjomba wa bwana harusi, kwa sababu alikuwa mnene kuliko wote na alikuwa akinitazama kwa hamu. Niliimba hivi:

Mjomba kaja jamani, tumbo limetangulia,
lango tumelipanua, bado limeng'ang'ania!
Sharubu kaziazima, kilemba kafungiwa,
sahani ya tatu hii, na ya nne anaililia!

Watu walicheka mpaka mpishi akatoka jikoni. Lehmber mwenyewe alipiga meza kwa kiganja. Halafu nilifanya kinachofanywa siku zote. Nilichukua donge la laddu, kitafunwa cha unga na sukari, nikainua mkono, nikamtia kinywani. Wimbo wa matusi hauishi mpaka aliyetukanwa alishwe kitu kitamu na mkono ule ule wa aliyemtukana. Kabla ya hapo ni tusi kweli. Baada ya hapo ni undugu.

Akagusa miguu yangu kwa heshima. Akasema, "Bibi, ungeniruka ningedai nirudishwe nyumbani." Naye dada yake, Resham Kaur, mama mkwe wa Navreet, hakukaa kimya. Alisimama mezani akanijibu:

Bi harusi twampokea, bibi yake hatumtaki,
meno yamebaki mawili, ulimi ndio hauchoki!
Mzibeni kinywa kwa laddu, maana hanyamazishiki!

Akanitia laddu mimi pia, kubwa, nikakosa pumzi. Tulikumbatiana. Yote hayo yamo kwenye DVD iliyotengenezwa na Makkhan Ram, mwenye studio ya picha karibu na kituo cha basi. Alitoa diski mbili zinazofanana, moja ikaenda kwa wakwe, nyingine ikabaki kwangu, ndani ya sanduku la shuka.

Tarehe 9 mwezi huu, Jumatatu, kama saa nne asubuhi, ukungu ukiwa bado haujaondoka, bajaji ilisimama langoni. Aliteremka Navreet na sanduku lake la bati. Peke yake. Nilidhani kuna msiba. Nikamuuliza, "Nani amekufa?" Akasema, "Hakuna, bibi. Mama mkwe ameniambia nikae kwako mpaka uende ukaeleze ni kinywa gani ulichotumia kumvunjia heshima kaka yake."

Nilimwambia, "Kinywa hiki hiki alichokijaza laddu!"

Ndipo aliponionyesha simu yake. Kilikuwa kipande cha dakika tatu. Mimi naimba, nainua mkono juu, mwisho. Laddu haionekani vizuri. Lehmber hajaguswa, hajasema kitu, Resham hayupo kabisa. Mkono wangu unabaki hewani kama wa mtu anayetaka kumpiga kofi mgeni wake. Chini pana maandishi, Navreet akanisomea: "Mnataka tumbo hili lichunge maziwa yenu?"

Lehmber anagombea uenyekiti wa ushirika wa maziwa wa kijijini kwao, Chak Bhoe, na kura ni Jumamosi ijayo. Navreet alisema kila asubuhi Lehmber akipeleka maziwa yake kupimwa, watu wanampanulia mlango kwa mikono miwili na kusema, "Pisheni, limetangulia!" Mkewe ameacha kwenda hekaluni. Na mjukuu wangu, mwenye ndoa ya wiki saba, amekaa jikoni kwangu tangu juzi. Nimempikia mboga ya haradali na mkate wa mahindi, chakula anachokipenda. Amekigusa tu. Sanduku lake hajalifungua. Kila pikipiki ikipita anainua kichwa.

Jana, tarehe 10, saa tano asubuhi, nilikwenda studio kwa Makkhan Ram. Nilimwambia, "Umenikata." Akasema, "Bibi, mimi? Nimekukata wapi?" Nikamwambia anionyeshe namna inavyofanywa, la sivyo nitakaa mlangoni pake na kumwimbia kila mteja anayeingia. Ananijua. Alinivutia kiti.

Nilimpa diski yangu. Aliichomeka kwenye kompyuta, kwenye kile kidroo kinachotoka na kurudi. Harusi yote ikatandazwa chini ya kioo, vipicha vidogo vidogo vimepangwa kama vyombo kwenye rafu. Alisogeza alama moja mpaka dakika ya 41, nyingine mpaka dakika ya 44 na sekunde kumi. Akabonyeza. Mstari wa kijani ukajaa polepole. Chai niliyopewa ilikuwa haijapoa, kazi ikawa imekwisha.

Akasema, "Ni hivyo tu, bibi. Nimenakili sehemu. Diski yenyewe iko nzima, hakuna kilichoharibika."

Nikamwambia, "Kwenye diski hakuna kilichoharibika. Jikoni kwangu kipo, kimekaa karibu na jiko hakili."

Nilimuuliza kwa nini sekunde ya kumi. Akasema ndivyo alivyoelekezwa na mteja. Nikamwambia asogeze mbele sekunde moja. Akasogeza. Laddu ikaingia kinywani mwa Lehmber. Sekunde moja! Mtu aliketi pale, akaona laddu inakuja, akasema kata hapa. Nikamwambia, na wewe Makkhan, uliyeoa hapa, uliyeimbiwa na mimi mwenyewe kuhusu masikio yako, ukakata. Alitazama chini. Akasema, "Bibi, alisema ni kwa ajili ya kucheka nyumbani."

Nilimuuliza mteja ni nani. Akasema ni Tarlok Singh wa Chak Bhoe, ndiye anayegombea uenyekiti na Lehmber, na kwamba alikuja na diski tarehe 3. Nikauliza diski ipi. Makkhan akageuza diski niliyompa mimi, akanionyesha alama ya manjano ukingoni. Akasema, "Hii hii, bibi. Ilikuja na hii alama."

Alama hiyo ni ya mkono wangu, ya manjano ya kupikia. Na nataka jambo hili liandikwe, ingawa afisa amesema si lazima. Tarehe 2 jirani yangu Banso, dada yake Tarlok, alikuja akaniambia, "Dada Bachint, nilikuwa na homa siku ile, nikakosa kukusikia. Watu wanasema uliwaua kwa kicheko." Mimi nikafurahi. Nikafungua sanduku nikampa diski kwa mkono wangu, nikamwambia atafute wimbo wa mjomba, ndio mtamu. Hata mahali pa kutafuta nilimwonyesha mimi. Alirudisha baada ya siku mbili pamoja na bakuli la karoti za sukari. Nilizila.

Kwa hiyo kosa la kupenda kusifiwa ni langu, nalibeba. Lakini la kukata si langu. Afisa ananiambia kunakili dakika tatu za video ya harusi huenda isiwe kosa kwa sheria. Sijui sheria. Najua nilianza kitu na nikakimaliza, na mtu amechukua mwanzo akauuza kama mwisho. Na Resham Kaur anajua. Alikuwepo, aliimba, vidole vyake vilikuwa na sukari. Anasema watu wa sokoni hawakuwepo harusini, wao wanaona simu tu. Basi waonyeshwe na mengine! Diski nimeileta. Iko hapa mezani. Nataka Lehmber aitwe aitazame mpaka dakika ya 49, mbele yangu, na kama baada ya hapo bado ana hasira, nitakwenda kwao kwa miguu na kuomba radhi langoni.

Hayo ndiyo niliyoyaimba, niliyoyaona, na niliyoyatoa kwa mkono wangu mwenyewe.

Alama ya dole gumba la kushoto: Bachint Kaur

MAELEZO YA AFISA: Nimemsomea shahidi maelezo haya kwa lugha anayoielewa. Amekubali ni sahihi, isipokuwa umri. Mlalamikaji aliitwa, akafika saa saba na nusu mchana. Diski ilichezwa kwenye kompyuta ya kituo kuanzia dakika ya 41 hadi ya 49. Mlalamikaji aliomba ichezwe tena. Mara ya pili, ilipofika dakika ya 44 na sekunde kumi na moja, alifungua kinywa kama anayelishwa. Ameomba anakiliwe sehemu hiyo, kuanzia wimbo hadi kukumbatiana, aipeleke kwenye kituo cha maziwa. Amempigia simu dada yake akiwa hapa, akamwambia bi harusi anarudi leo. Tarlok Singh na Makkhan Ram wataitwa kesho.

Shahidi alialikwa kusubiri chai. Alikataa, akasema sanduku la mjukuu wake ni zito na bajaji za mchana ni chache. Mlalamikaji alimfuata nje ili aende kulibeba.

(Sahihi) Harvinder Pal, Mkaguzi Msaidizi