Sifuri za Desderi

Pito, Sumbawanga
Jumapili, mchana

Mke wangu mpendwa, Mama Mwanaidi,

Salaam aleikum. Nitangulie kukuuliza hali yenu kabla ya kueleza yangu, maana yangu leo ni ndefu. Kifua cha mama kimetulia? Na Mwanaidi, jicho limepona? Barua yako niliipata posta ikiwa imelowa pembeni, lakini maneno yote yalisomeka. Mimi mwili ni mzima. Baridi iliyokuwa ikiuma mpaka kwenye meno imepungua, sasa ni upepo na vumbi, tunangoja mvua.

Uliniuliza Jumapili huwa nafanya nini, kwa kuwa mashine ya kusaga tunaifunga siku hiyo. Nilikujibu kwamba napumzika. Leo nikueleze ukweli.

Tangu karakana ya mkonge ilipotupunguza kazini nikaja huku kuendesha mashine ya mtu, siku sita za wiki hazinisumbui. Wateja wanaongea Kifipa wao kwa wao, wakinigeukia wanaongea Kiswahili, tunaelewana, jua linazama. Jumapili wanakwenda kanisani, kisha kila mtu na nyumba yake. Mimi nilikuwa nafua shati lile lile mara mbili.

Ndipo Kastuli, fundi cherehani wa mlango wa pili, akaniingiza kwenye mchezo. Alisikia redioni kwamba huko Ulaya watu hupanga timu za kwenye karatasi. Unachagua wachezaji kumi na mmoja kutoka timu mbalimbali, wao wakifanya vizuri uwanjani wewe unapata pointi. Tukaufanya kwa ligi ya hapa mjini. Tulikuwa watatu tu: mimi, Kastuli, na Masanja, Msukuma aliyehamia huku na ng'ombe wake. Goli pointi tatu, kipa asiyefungwa pointi mbili, na ukishamchagua mtu humbadilishi mpaka ligi iishe. Wa mwisho angewachinjia wenzake jogoo.

Kura ya kuchagua kwanza iliniangukia mimi, nikamchukua Desderi, mshambuliaji wa timu ya hapa Pito. Ni kijana mfupi, mfyatua matofali, miguu imepinda kidogo. Akipata mpira karibu na goli, mabeki wanaanza kulaumiana kabla hajapiga. Mechi saba, magoli tisa. Usinicheke, mke wangu, lakini Jumatatu nilikuwa naamka nikijiona mtu mwenye watu. Wateja wakimtaja Desderi, nami nilikuwa na la kusema.

Katika mechi ya nane beki mmoja alimwingia kwa nyuma. Mlio wa mfupa tuliusikia mpaka pale pembeni tulipokaa. Wenzake waling'oa mlango wa banda wakamlaza juu yake, wakambeba. Watu wote walikuwa wamesimama. Mimi nilikuwa nimeinamia daftari, nahesabu mechi zilizobaki.

Masanja alinitazama, akasema taratibu, "Kaka, yule ni mtu."

Nikalifunga daftari. Kesho yake tukasikia kwamba mfupa umevunjika mahali pawili na Desderi hachezi tena msimu huu. Kastuli alinionea huruma, akasema nichague mchezaji mwingine, sheria tulizitunga wenyewe. Nilikataa. Si kwa wema, ni kwa aibu.

Nilikaa na aibu hiyo siku tatu. Siku ya nne nikaomba ruhusa, nikanunua mkate na sukari, nikaenda hospitali. Nilimkuta mguu umefungwa hogo, ile plasta ngumu, mpaka pajani, na mama yake ameketi chini juu ya kitenge. Nilimwamkia mama. Desderi akaniuliza mimi ni nani. Sote tunakaa Pito, magoli yake yote ninayo kwa kichwa, na sikuwahi hata siku moja kumpa mkono.

Nilimweleza yote, na habari ya daftari pia. Nilidhani atakasirika. Akaomba nimsomee. Nikamsomea goli moja moja, dhidi ya timu gani, kwa mguu upi, naye amefumba macho. Lile la sita alinisahihisha: halikuwa la kichwa, mpira ulimgonga begani tu ukaingia. Mama yake alicheka mpaka akajifuta machozi kwa pembe ya kitenge.

Basi nikawa naenda kila Jumapili baada ya mechi. Mbele ya jina lake niliandika sifuri, naye alikuwa akiikagua kuhakikisha nimeiandika. Zilifika sita. Siku moja mama yake alipotoka kwenda kuchota maji, Desderi aliniuliza, "Na wewe ukivunjika mguu huku ugenini, nani ataketi hapo chini?"

Nikamtaja Kastuli. Akasema Kastuli ana cherehani yake.

Ligi imekwisha. Mimi ndiye niliyechinja jogoo. Wiki iliyopita mjomba wake Desderi, mvuvi wa dagaa, alikuja kumchukua akae naye Kirando, kule ziwani kwenye joto, mpaka apate nguvu. Nilimsaidia kupanda gari, nikaona kwamba mguu ule umekuwa mfupi kuliko mwenzake. Alijua nimeona. Alisema kufyatua matofali atarudia, mpira Mungu anajua. Kisha gari likaondoka, na leo ni Jumapili ya kwanza sina pa kwenda.

Mama Mwanaidi, kila barua nimekuandikia usije, nikisingizia baridi na barabara. Barabara ni mbaya kweli. Lakini kilichonizuia ni kwamba sikutaka unikute mimi, fundi mkuu wa jana, kwenye chumba kimoja, nimejaa unga wa mahindi ya watu. Sasa nakuomba, njoo na mtoto. Najua kifua cha mama, sikulazimishi. Ikiwa huwezi kumwacha, niambie wazi, nitarudi mimi, hata kama sina cha kurudi nacho.

Mwamkie mama, umwambie koti la marehemu baba ndilo limenivusha baridi. Msalimie dada mkubwa, muuza vitumbua wa stendi, na shemeji fundi baiskeli. Mwanaidi mbusu kwenye lile jicho.

Barua hii naipeleka kwa mkono wa dereva wa lori la mahindi. Atalala hapo Korogwe siku mbili. Mpe jibu arudi nalo, hata likiwa neno moja.

Mumeo,
Baba Mwanaidi