Sakafu Isiyonuka Dawa

Dada Mehrun, mshauri wangu mpendwa, nisaidie kabla sijarukwa na akili. Mimi ni nesi wa wodi ya kifua hapa Multan, Pakistan, na tangu korona iingie sijaugua hata siku moja, sijakohoa, nakula nalala, ila kuna wiki moja wodi iliacha kunuka, naiona sakafu imedekiwa inang'aa lakini harufu ya dawa hakuna, nikajua mfagiaji wetu Naseem anaiba dawa anadeki kwa maji matupu, nikamfokea mbele ya wagonjwa, akasema, "Sista, Mungu shahidi, dawa ni ile ile, macho yananiwasha!" nikamwambia, "Mwongo mkubwa wewe," nikamripoti, na nesi mwenzangu Sista Khalida alipougua akafa wote wakasema ni uchafu wa Naseem, akafukuzwa kazi, na mtaani kwao sasa wanamwita muuaji. Juzi tumepimwa damu wote, daktari akaniambia, "Sista, korona ilishakupitia zamani, hukujua?" Kumbe iliyokufa ilikuwa pua yangu, na siku zile nilikuwa nakula sahani moja na Khalida. Sasa kila nikiingia wodini dawa inanichoma pua, nahisi kuna mtu alivaa sare yangu akazunguka vitandani na mikono yangu, mimi sikuwepo. Naogopa kumgusa mgonjwa. Nikisema nitatengwa, nikinyamaza je?

Nesi T.

Nesi T., pole. Nilipomaliza barua yako niliinuka nikaenda jikoni kunusa majani ya chai.

Kuugua bila kujua si kosa lako, na aliyemwambukiza Khalida hakuna kipimo cha damu kitakachomtaja, na Khalida mwenyewe alikuwa wodini kama wewe. Hilo liache. Lakini kumwita mwenzio mwongo ulitaka mwenyewe, pua ilikufa, mdomo ulikuwa mzima! Ukinyamaza, Naseem ataendelea kuitwa muuaji. Ndivyo itakavyokuwa, usinililie mimi.

Kesho asubuhi mwandikie matroni. Taja tarehe, sema dawa ilikuwepo na wewe ndiye hukuisikia harufu yake, weka jina kamili, si herufi moja kama ulivyoniandikia. Nakala mpelekee Naseem. Usibebe mithai, vile vitamu vya sherehe, huendi kuposa. Simama uchochoroni kwao useme kwa sauti majirani wasikie, maana ulimfokea hadharani. Akikufungia mlango, uambie mlango.

Na akikukaribisha chai, usijifanye umefunga. Nawajua manesi, hamgusi vikombe vya wafagiaji, mnawaona najisi. Kunywa mpaka chini.