Abiria wa Nne Aliitikia

Alhamisi, katikati ya Julai. Mbeya.

Baridi ya leo ni ile ya kuvaa soksi mbili na bado ukatafuta ya tatu. Ukungu umekaa mpaka saa nne asubuhi, na mimi nimekaa nao dirishani na chai iliyopoa, nikiogopa kufungua kompyuta.

Nina vitu viwili vya kuandika kabla ya kesho mchana. Cha kwanza ni ripoti. Bosi wangu, ambaye yuko Dar na hajawahi kulala kwenye baridi hii, anataka kurasa mbili kuhusu mwenendo wa soko la ndege binafsi za kukodi Nyanda za Juu Kusini: nani anakodi, anakwenda wapi, soko linaelekea wapi. Cha pili ni maelezo yangu kuhusu mzee wa Igawa. Cha kwanza nakiweza.

Kwa mnaoingia hapa kwa mara ya kwanza: kazi yangu ni kupokea jeti za kukodi zinapotua Mbeya. Mimi ndiye yule dada mwenye koti la kung'aa anayepanda ngazi mlango ukifunguliwa. Nahesabu abiria, nawasalimia, naweka saini, naita gari lao. Si kazi ya kishua kama jirani zangu wa Uyole wanavyodhani.

Zamani kidogo hesabu ilikuwa rahisi. Watalii wa Ruaha hawakuwa wangu. Wao wanashushwa na ndege ndogo za pangaboi kwenye viwanja vya vumbi, na kijiji cha Idodi, njiani kwenda hifadhini, wanakipita juu kwa juu. Wangu walikuwa watu wa dhahabu ya Chunya, watu wa chai, watu wa parachichi, wanaokuja asubuhi na kuondoka kabla ya chakula cha mchana. Siku hizi wameongezeka wa Zambia na Kongo, wanaokutana na wenzao wa Dar hapa kwa sababu ni katikati. Iringa nao wameanza kuulizia jeti tangu uwanja wao utengenezwe. Na kampuni zimejifunza kuuza safari ya kurudi: ndege ikileta mtu huku haitaki kurudi tupu, kwa hiyo anayeelekea upande huo anapata kwa bei ya kirafiki.

Hayo yote nimeyaandika vizuri. Kisha nikafika kwenye kundi la mwisho, vidole vikakataa.

Kundi la mwisho ni wazee wanaorudishwa nyumbani.

Sisemi wanaopelekwa hospitali. Hao wana ndege zao zenye vitanda na manesi. Nasema wale ambao hospitali imeshawaambia watoto wao, mpelekeni nyumbani akapumzike. Watoto wana uwezo, barabara ni ndefu, basi wanakodi jeti ya wafanyabiashara yenye viti vya ngozi, wanamkalisha mzee kitini na kumfunga mkanda. Mwaka huu nimewapokea wengi kuliko watu wa parachichi.

Fomu yetu ina sehemu ya kuandika hali ya mgonjwa. Mimi si daktari, kwa hiyo nilijitungia kipimo changu. Naingia, namwamkia. Akiitikia shikamoo, hata kwa kunong'ona, natia tiki kwenye "anajitambua". Sijawahi kumweleza bosi.

Jumatatu asubuhi ilitua jeti ya mzee wa Igawa. Alifanya biashara ya mpunga huko Mbarali miaka mingi, na mwanawe wa kiume, aliyelipia ndege, alibaki Dar. Ndani walikuwa wanne: mzee, mkewe na mabinti wawili. Kapteni na msaidizi wake walikuwa wameshashuka, wamesimama mbali kwenye ukungu, wamenipa mgongo. Hilo nililiona na sikulifikiria.

Mzee alikaa kiti cha dirishani. Suti, kofia ya sufu, blanketi magotini. Mkewe alikuwa amemshika mkono, anamweleza taratibu, "Tumefika Mbeya, baba. Bado kidogo tu." Mabinti hawakunitazama.

Nikasema, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Sauti ya kiume, nzito, ya mtu aliyezoea kuamkiwa. Nikatia tiki. Nikainama kumfungulia mkanda, mkono wangu ukagusa wake. Ulikuwa wa baridi kuliko chuma cha ule mkanda. Nikajisemea ni Mbeya hii, Julai hii.

Nilipokwisha kusaini, gari lililokuwa likisubiri nje ya uzio likaruhusiwa kusogea. Dereva na mpwa wa mzee wakapanda, wakamwinua kutoka kitini na kumshusha ngazi, na miguu yake haikunyooka. Ilibaki imekunjwa vilevile. Wakamwingiza garini akiwa tayari amekaa. Hakuna aliyelia. Kwao kilio hakianzi njiani. Mwenyewe lazima afike kwanza mlangoni kwake.

Wakaondoka kuelekea Igawa, nami nikabaki na karatasi yenye saini yangu: abiria wanne, mgonjwa anajitambua.

Juzi bosi akapiga. Daktari aliyeitwa nyumbani kule Igawa ameandika kwamba mzee alifariki kabla ya alfajiri, yaani kabla jeti haijaondoka Dar. Kusafirisha maiti kuna vibali vyake, na kapteni aliyempakia maiti kwa jina la mgonjwa anaweza kunyang'anywa leseni. Kapteni anasema yeye alipakia mgonjwa. Anachokitegemea ni tiki yangu.

"Wewe andika ulichokiona tu," bosi alisema. "Alikuwa mzima au hakuwa?"

Nikiandika alikuwa maiti, kapteni hana kazi, na mimi nimesaini uongo. Nikiandika alikuwa hai, nabishana na daktari. Bosi anadhani hilo ndilo linalonikosesha usingizi.

Ninachoogopa ni ile sauti.

Nimejaribu kuigawa kwa kila mtu aliyekuwepo. Mle ndani, ukimtoa mzee, walikuwa wanawake peke yao. Midomo ya mzee haikucheza, naapa, nilikuwa namtazama usoni kama ninavyowatazama wote. Kwa siku tatu nimejiambia ni mazoea, kwamba ukiamkia watu kila siku masikio yanajijazia jibu yenyewe. Nilikuwa nimeshaanza kuamini.

Leo saa nane mchana simu ikaita, namba ngeni. Ni mke wa mzee, kutoka Igawa. Namba yangu alipewa na dereva. Nikamwamkia, akaitikia.

"Mwanangu, ni wewe ulimsalimia mzee kule kwenye ndege?"

"Ni mimi, mama. Poleni sana."

"Ulisikia?"

Ningeweza kujifanya sijaelewa. Nikasema, "Nilisikia."

Akashusha pumzi. "Na mimi nilisikia. Hawa mabinti wanasema hamna kitu, eti nimechoka. Toka saa kumi ya usiku namsemesha. Nimemwita majina yake yote. Njia nzima hajanijibu mimi. Amekuja kukuitikia wewe."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angekasirika.

"Aliitikia vizuri?" akauliza.

"Vizuri, mama. Kama mtu yuko sebuleni kwake."

"Haya. Basi," akasema, akakata simu.

Nimelia, na sioni aibu kuliandika hapa.

Baada ya hapo maelezo yalichukua dakika mbili. Nilimwamkia. Aliitikia. Sikuandika hai, sikuandika maiti, na nimeyatuma hivyohivyo. Kapteni na wakubwa wake watajua wenyewe la kuyafanyia. Ripoti nayo nimeifunga: soko linakua, na linakua zaidi upande wa wazee.

Bosi amejibu sasa hivi, wala hajagusia maelezo. Jumanne asubuhi kuna jeti, Dar kuja Mbeya, abiria watano, mmoja mgonjwa, umri haujaandikwa. Nimejikuta namwomba Mungu awe mdogo kwangu, nisilazimike kumwamkia.